Ulitumia kondomu na bado una wasiwasi? Hesabu siku kwanza

Anayekimbilia kliniki asubuhi baada ya usiku wa kondomu hupewa jibu la jambo jingine. Kipimo cha VVU cha siku hiyo kinaeleza hali yake kabla ya usiku ule. La jana bado hakilioni. Jambo la kuamua asubuhi hiyo ni kondomu yenyewe: ilivaliwa kabla ya kugusana? Ilibaki nzima? Ilitolewa ikiwa imeshikwa shinani, kabla uume haujalegea?

Kondomu iliyopasuka kwa kawaida haijifichi. Hufumuka vibaya, wakati mwingine ikabaki pete tu pale shinani. Ukiitazama na ni nzima, basi ilifanya kazi yake. Kinachoiharibu ni mafuta ya kujipaka au ya kupikia, ambayo huula mpira ndani ya dakika chache; tumia kilainishi cha maji. Joto nalo ni adui, iwe ndani ya pochi au ndani ya lori linaloshinda juani njia ya Malaba. Na ukianza kuivalisha kinyume, usiigeuze: itupe, chukua nyingine, kwa sababu ncha yake imeshagusa majimaji.

Ikiwa yote yalienda sawa, hatari ya VVU ni ndogo sana na hakuna haja ya dawa yoyote. Ikipasuka au ikichomoka, na mwenzako ana VVU au hujui hali yake, nenda ukaombe PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, siku hiyo hiyo. Mwisho ni saa 72, lakini kila saa ina uzito, kwa hiyo tafadhali usingoje Jumatatu: hospitali kubwa ya serikali ina kitengo cha dharura wikendi. Utapimwa kwanza, kisha utapewa dawa bila malipo, kwa kawaida kidonge kimoja kila siku kwa siku 28. Wanaokwama huacha katikati kwa ajili ya kichefuchefu. Rudi kwa mhudumu akusaidie, usiache. Mwanamke asiyetaka mimba aulizie hapo hapo vidonge vya dharura.

Sasa tarehe. Kisonono na klamidia hupimwa vizuri wiki mbili baada ya tendo, kwa mkojo wa mwanamume au ute wa ukeni. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujitangaza mapema, siku ya pili hadi ya saba, kwa usaha na maumivu ya kukojoa. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo kusubiri dalili si mpango. Vituo vidogo vingi havina kipimo cha klamidia na hutibu kwa kufuata dalili; ukitaka jibu la maabara, uliza kabla ya kulipa nauli. VVU na kaswende: wiki ya sita, kisha miezi mitatu. Jibu la miezi mitatu la VVU likiwa hasi, liamini.

Ukijipima VVU nyumbani kwa mate, usile wala kunywa dakika 15 kabla. Pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini; ulimi na shavu havitoi jibu sahihi. Soma kati ya dakika 20 na 40, usizidishe. Mistari miwili, yaani huenda una VVU, inahitaji kuthibitishwa kituoni.

Kuna sehemu kondomu haifuniki. Malengelenge ya sehemu za siri, virusi vya papiloma (HPV, vinavyoleta vinundu sehemu za siri na saratani ya shingo ya kizazi) na kaswende vinaweza kupita kwenye ngozi ya korodani au mashavu ya uke. Usikimbilie kupima damu kwa malengelenge bila dalili, jibu lake huzidisha wasiwasi bure. Kidonda kikitokea, nenda kikiwa bado kibichi. Na kama mlitumia mdomo bila kinga, mwambie mhudumu: kisonono cha koo hakionekani kwenye mkojo.

Tunachoomba sana ni usinunue vidonge vya "kujisafisha" duka la dawa. Kisonono cha Kampala kimeizoea siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, na nusu dozi huficha dalili ugonjwa ukiendelea. Ukikutwa nao, mwenzako atibiwe wakati huo huo, na msikutane kimwili hadi siku saba zipite baada ya nyote wawili kumaliza dawa, la sivyo mtarudishiana.