Mtoto hajamharibu mama yake

Mama angu Mwajuma,

Voisi noti yako nimeisikiliza nikiwa jikoni, nikairudia tena. Umeuliza kama ukimnyonyesha Nasra mpaka miaka miwili maziwa yatalala, na kama kuvaa sidiria usiku kunazuia. Ntakujibu, ila kwanza nani kakutia hilo neno? Manake sauti yako haikuwa ya mtu anayeuliza tu, ilikuwa ya mtu aliyeambiwa.

Mimi niliambiwa siku ya arobaini yako. Nyumba imejaa wanawake, pilau linapakuliwa, mke wa mjomba wako akanitazama kifuani akasema kwa sauti, "huyu mtoto keshammaliza". Wakacheka. Nilikuwa binti wa miaka 22. Usiku akaja na kanga akanifunga kifua mpaka pumzi inapita kwa shida, eti maziwa yasianguke, na siku zilizofuata ziwa la kushoto likawa gumu, jekundu, homa juu, mpaka bibi yako alipoikata ile kanga kwa mkasi akasema mpe mtoto anyonye. Mpaka leo nikimkuta huyo mke wa mjomba wako msibani natafuta pa kukaa mbali nae.

Nilipoingia chuo cha unesi wewe ushaanza shule, na somo la titi nililisoma kwa hasira. Ndani ya titi hamna msuli wa kulinyanyua. Kuna mafungu 15 mpaka 20 ya tezi, kuna mafuta, na katikati yake zinapita kano nyembamba kutoka kwenye utando uliofunika msuli wa kifua mpaka kwenye ngozi kwa ndani. Wanaziita kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari wa upasuaji wa London aliyezieleza kwenye kitabu chake cha 1840. Fikiria chandarua na kamba zake, ndo hivyo, na ngozi nayo inabeba sehemu ya mzigo. Mimba ikiingia tezi zinakua, titi linakuwa zito, ngozi na kano vinavutika, na kano ikishavutika sana hairudi ilivyokuwa. Pushapu zinajenga msuli ulio chini ya titi tu, kano hazizikazi.

Mtoto hajamharibu mama yake. Najua nalisema sana hili. Utanijibu mama, kwani mimba haikuwa ya huyo huyo mtoto? Ni kweli, na hapo nimebishana na nafsi yangu miaka mingi, sina la kujitetea zaidi ya kwamba mimba ishapita, lililovutika limevutika, kumnyima Nasra ziwa sasa hakurudishi kitu. Na kuna utafiti wa kule Kentucky, Marekani, wa 2008, walikuta kinachoshusha ni umri, uzito wa mwili, ukubwa wa titi lenyewe, idadi ya mimba na sigara, kunyonyesha hakukuongeza lolote.

Sidiria mchana vaa inayokushika vizuri, inapunguza mtikisiko na maumivu. Usiku ni hiari yako lakini isibane, kubana wakati unanyonyesha kunaziba mirija, ya kanga nishakwambia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunaangalia kushuka tu. Hizo kano zina habari nyingine. Uvimbe wa saratani ukizishika zinafupika, zinaivuta ngozi kwa ndani, panabaki kishimo. Kwa mama yako mdogo mimi nilianza kuona kishimo, siku ile anainua mikono kufunga mtandio, maumivu hana, uvimbe hata hajaupapasa, na ndo maana leo yupo anatugombeza kwenye grupu la familia.

Kuhusu kumwachisha sikwambii kitu. Shirika la Afya Duniani linasema miaka miwili na kuendelea, ila wewe una kazi yako, una mume, una usingizi unaoukosa, na mwili ni wako. Ingekuwa mimi... haya, naacha, mana ulimi unaniwasha. Aliyekwambia umekwisha mjibu tu mtoto hajamharibu mama yake.

Halafu uwe unasimama mbele ya kioo, mikono juu, unageuka pande zote. Ukiona ngozi imebonyea pahali ambapo haikuwa hivyo, usisubiri iume, nipigie hata kama ni usiku wa manane, twende wote hospitali.

Mama yako