Kusoma Ukingo na Mgongo wa Sahani za Buluu za Staffordshire

Anayeanza kukusanya sahani za buluu za Staffordshire, zile zilizotengenezwa Uingereza hasa katika miaka ya 1820 na kuchapwa picha za matukio ya kihistoria kwa ajili ya soko la Marekani, kwa kawaida huvutwa kwanza na picha iliyo katikati, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa muda niliozishughulikia, nimejifunza kuiacha picha iwe jambo la mwisho: natazama ukingo kwanza, kisha naigeuza sahani na kuisoma mgongoni.

Sababu ni kwamba wafinyanzi wa wakati huo walinakili picha kutoka vitabuni na katika michoro iliyokuwa ikiuzwa madukani, na kabla ya sheria ya hakimiliki ya 1842 hawakubanwa sana, hivyo mandhari moja iliweza kutokea katika vyombo vya viwanda tofauti. Ukingo, kwa upande wake, kila kiwanda kilijichagulia wake. Enoch Wood na wanawe wa Burslem walipenda makombe ya baharini; Joseph Stubbs aliweka tai katikati ya maua; nao ndugu Clews wa Cobridge wana sahani mashuhuri ambayo ukingo wake umezungukwa na majina ya majimbo 15 ya Marekani. Ukizishika nakshi hizi kichwani, utaweza kumtambua mtengenezaji hata pale ambapo hakuacha muhuri.

Inafaa pia kuelewa biashara iliyozizaa. Vita kati ya Uingereza na Marekani vilipokwisha mwanzoni mwa 1815, wafinyanzi waliwahitaji sana wanunuzi wa ng'ambo, kiasi kwamba Enoch Wood alichapa ushindi wa Kamanda Macdonough katika Ziwa Champlain mwaka 1814, ambako walioshindwa walikuwa Waingereza wenyewe. Clews naye alichapa Lafayette, jenerali Mfaransa aliyeipigania Marekani katika vita vya uhuru, akiwasili Castle Garden, New York, tarehe 16 Agosti 1824. Kwangu mimi, hizi mbili ndizo bora za kujifunzia, kwa kuwa tarehe ya tukio inakuhakikishia kwamba sahani haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Sasa shika sahani karibu na dirisha. Picha ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapakwa rangi ya kobalti iliyochanganywa na mafuta, ikachapwa kwenye karatasi nyembamba, kisha karatasi hiyo ikakatwa na kusuguliwa kwa brashi ngumu juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja lakini hakijapakwa tabaka la kioo. Kwa kuwa ukingo ulibandikwa vipande vipande, utaona mahali ambapo vipande havikukutana sawasawa: kombe limekatwa nusu, au jani limelalia jani jingine. Maungio hayo yanathibitisha namna ya uchapaji tu. Umri hayauthibitishi, maana hata sahani za ukumbusho za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa kwa njia hiyo.

Umri utautafuta mgongoni. Tazama muhuri uliodidimizwa kwenye udongo, jina la mandhari lililochapwa kwa buluu, na alama ndogo za vigingi vilivyotenganisha vyombo ndani ya tanuri. Ukikuta neno "England", iweke sahani hiyo miongoni mwa zile za baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ndiyo iliyodai jina la nchi kwenye bidhaa kuanzia 1891. Wapo wauzaji wanaozipa sahani hizo miaka 70 ya ziada, baadhi kwa kutojua, na mnunuzi mgeni hulipa tofauti hiyo.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole taratibu kwenye mzingo wote, kisha uimulike sahani gizani kwa tochi ya urujuanimno (UV), kwani mapengo yaliyozibwa na kupakwa rangi mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Ukiona ufa wenye rangi ya kahawia, usishawishike kuusafisha kwa jiki: dawa hiyo hupenya ndani ya udongo, chumvi zake hukauka humo, na baadaye tabaka la kioo huanza kubanduka. Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali yanatosha, na ufa uache ulivyo.