Zege maalum: mambo niliyojifunza saiti ambayo nawaambia mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi za ujenzi, kuna kitu nilichelewa kukijua. Ukisikia zege maalum usidhani ni zege gumu kuliko mengine yote, hapana, ni zege lililochanganywa kwa kazi fulani, na wengi tunaliharibu kwa mikono yetu kwa kulifanyia mazoea ya zege la kawaida.

Chukulia zege linalojishindilia lenyewe. Wajapani walilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980, maana mafundi wa kushindilia vizuri walikua wanapungua na majengo yanawahi kuchakaa. Linatiririka kama uji, linapenya katikati ya nondo zilizobanana na vaibreta, ile mashine ya kutetemesha zege lishindiliwe, halitaki. Mara yangu ya kwanza tulikua tunamwaga nguzo ya mita 3, fomu, yani mbao za kushikilia zege mpaka likauke, tumefunga kama siku zote, nikaona kwenye kiungo cha mbao chini kabisa tope la simenti linachuruzika, halafu ubao ukaanza kutuna taratibu mbele ya macho yangu. Tulisimamisha pampu tukaongeza vibano haraka. Sababu ni kwamba zege hili likiwa bichi linasukuma fomu kama maji, na kwa urefu ule pale chini ni kama tani 7 kwa kila mita ya mraba, kwahiyo muulize injinia fomu imepigiwa hesabu hiyo au la.

Kulipima unatumia koni ileile ya slampu, ile ya chuma ya kupimia ulaini wa zege, ila hupimi limeshuka kiasi gani, unapima limetandaa upana gani, kawaida milimita 550 mpaka 850. Na usiangalie futi ya kupimia tu jamani, inama uangalie ukingo. Ukiona pete ya maji pembeni na kokoto zimebaki rundo katikati, limejitenga hilo, likatae. Na mtu asije akaongeza maji ili litiririke zaidi, ule ulaini unatokana na supaplastisaiza, dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji, pamoja na unga laini mwingi kama simenti, ukitia maji unaua nguvu na kokoto zinazama.

Zege la kupitisha maji, lile la maegesho na njia za miguu, ndio linaloonewa kuliko yote. Mchanga ni kidogo sana au hamna kabisa, na matundu yanachukua kama asilimia 15 hadi 25 ya ujazo wake. Sasa kijana akichomeka vaibreta humo ute wa simenti unashuka chini unaziba, maji hayapiti tena, umepata zege dhaifu lisilo na faida yoyote. Chota kiganjani ufinyange donge, likimeng'enyuka ni kavu mno, ute ukichuruzika vidoleni maji yamezidi, unataka donge linaloshikana na kung'aa. Ukishapitisha rola funika na plastiki palepale, maana upepo unaingia mpaka ndani na linakauka vibaya, na liache limefunikwa siku 7.

Zege jepesi la kokoto za pumisi, jiwe la volkeno lenye vitundu vingi, shida yake ni kunywa maji. Loweka kokoto kabla, la sivyo zitanyonya maji ya kuchanganyia na zege litakauka kwenye mikisa. Faida yake ni uzito, la kawaida lina kama kilo 2400 kwa mita ya ujazo na hili linaweza kushuka chini ya 1900. Warumi walilijua hilo, kuba la Pantheon, hekalu lao la kale mjini Roma, kule juu limewekwa pumisi. Ukilitetemesha sana kokoto zinaelea juu, wakati lile zito la baraiti, jiwe zito sana, la kuta za vyumba vya mionzi, kokoto zake zinazama. Yani kosa ni lilelile, madhara yanapishana.

Nyuzi zinazotiwa kwenye zege nazo zinachanganya watu. Za plastiki zinasaidia kuzuia nyufa za masaa ya mwanzo zege likiwa bichi, na moto ukiwaka zinayeyuka zikaacha vijinjia vya mvuke kutoka ili zege lisilipuke vipande. Za chuma zinabeba zaidi, ila zimwage kidogokidogo mikisa ikizunguka maana ukimwaga boksi zima zinafungana madonge. Na akija mtu kukwambia nyuzi zimewekwa kwahiyo punguza nondo za boriti, mwambie alete mchoro wenye sahihi ya injinia kwanza, usikate hata nondo moja kwa maneno ya mdomo.