Jibu: Kuzeesha plastiki nyeupe za gita

Ndugu, umeuliza kama chai inaweza kuzipa plastiki nyeupe za Stratocaster yako mpya, lile gita la umeme, ile rangi ya maziwa yaliyokolea majani. Inaweza, ila si kwa kila plastiki. Ya nailoni hunywa rangi vizuri. Iliyo ngumu na yenye kung'aa hukataa, rangi ikaishia juu juu.

Kwanza zifungue zote, usifanyie kazi kwenye gita. Zisugue kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, wa maji, mpaka mng'ao upotee. Osha kwa sabuni uondoe mafuta ya vidole. Pika chai ya rangi nzito, epua, iache ipoe kidogo ndipo uzitumbukize. Tafadhali usizichemshe jikoni! Bamba kubwa la usoni mwa gita likipinda, matundu ya skrubu hayatakutana tena.

Chungulia kila baada ya nusu saa. Zikigoma, paka kiwi ya kahawia kidogo kwa kitambaa, kisha ifute. Itabaki kwenye mikwaruzo na pembeni mwa vitufe vya kuzungusha sauti, palepale uchafu wa miaka unapokaa. Mimi napenda matokeo hayo kuliko ya chai.

Anza na kitufe kimoja.