UTI: daktari wa kwenye simu anatosha?

Dada, umeuliza kama daktari anaweza kukutibu UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa simu bila kukuona. Mara nyingi ndiyo, kama huna ujauzito na dalili ni za kibofu tu: mkojo unachoma, unabanwa kila mara halafu yanatoka matone. Mtajie mzio wa dawa na tarehe ya hedhi yako ya mwisho, hata asipouliza. Akikuandikia nitrofurantoini (antibiotiki ya UTI), kwa kawaida ni ya siku 5. Imalize hata ukipata nafuu mapema.

Ila ukipata homa, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, nenda hospitali leo hii, huenda figo zimeguswa. Na kama unatokwa uchafu ukeni na kuwashwa, omba vipimo kwanza. Hiyo mara nyingi si UTI.