Kwa mnaoanza kuwasindikiza wajawazito leba

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, ujueni kwanza mpaka wake. Dula, yaani msindikizaji wa uzazi, si mkunga: hampimi mama njia ya uzazi, hampi dawa wala hamzalishi. Kazi yake ni kukaa na mama tangu uchungu unapokolea hadi mtoto anaponyonya, kumsugua mgongo, kumpa maji, kumkumbusha kukojoa, na kuwa sikio lake anapoambiwa jambo ambalo maumivu hayamruhusu kulishika. Atakayeidharau kazi hiyo mwelezeni kwamba mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa wanaosindikizwa mfululizo hujifungua zaidi kwa njia ya kawaida, na upasuaji hupungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa pili nilimsindikiza binti wa uzao wa kwanza kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, katika kituo nisichokitaja. Lugha yake ni Kigogo, na uchungu ulipopamba moto Kiswahili kilimtoka kabisa. Mara tatu alisema anasikia haja kubwa, ambayo huweza kuwa dalili ya mtoto kukaribia kutoka, nami nikatafsiri kwa sauti ya chini. Akajibiwa alale, kwa kuwa alikuwa amepimwa muda si mrefu na njia ilikuwa bado haijafunguka vya kutosha. Nikanyamaza kwa heshima, na hapo ndipo nilipokosea. Mtoto alitokea juu ya kanga, muuguzi akikimbia kutoka kitanda cha pili huku glovu ikiwa mkono mmoja tu. Mama na mtoto walisalimika. Muuguzi yule alikuwa peke yake zamu nzima na wajawazito wanne, na ni haki kulisema hilo pia.

Tangu siku hiyo husema waziwazi: "Sista, mama anasikia kusukuma, naomba umwangalie sasa." Nikiona kimya narudia, kisha namtafuta kiongozi wa zamu, na kila mara naandika saa kwenye daftari. Msipandishe sauti, kwa maana atakayeachwa na muuguzi mwenye hasira ni mama, si ninyi.

Mtakapozuiwa kuingia leba, mara nyingi mtaambiwa sababu ni faragha: vitanda vimepangana bila pazia, na kumwingiza ndugu wa mama mmoja ni kumvunjia staha mwenzake. Hoja hiyo ni ya kweli, kwa hiyo msiijibu kwa kusoma miongozo mbele ya watu waliochoka. Sisi katika zahanati moja tulikwenda na futi kamba, tukapima nafasi kati ya vitanda, tukapeleka hesabu ya kitambaa, waya na misumari kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Mapazia yalipotundikwa, wasindikizaji wa kike wakaruhusiwa. Katika miaka yangu yote ya kudai huduma yenye haki, sijaona kauli iliyofungua mlango kama kitambaa kile.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya Tanzania ya mwaka 2007 ilisamehe malipo ya huduma za uzazi katika vituo vya umma, lakini akina mama bado huagizwa glovu na pamba. Ulizeni mapema kliniki kinachokosekana, na mwandike kila kilichonunuliwa. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Ingieni wodini mkijua kwamba wakunga wametoka jasho kufika hapo.

Siku ya tatu mtembeleeni mama nyumbani, mwulizeni kilichomuuma kisichokuwa mwili. Binti yule aliniambia kuwa kilichomuuma ni kufokewa mbele ya wenzake kwamba anadeka. Kwa ridhaa yake niliyapeleka maneno hayo kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, bila kumtaja binti, naye akayasoma katika kikao cha asubuhi cha watumishi, kabla ya ajenda nyingine yoyote.