Maswali ya Wasomaji: Mlima Ndani ya Maji na Ndege Wanaokimbia

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nakaa Thun, Uswisi, huu mwaka wa pili, mume wangu kaninunulia kamera na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70-300 basi baridi hii kila wikendi nashuka ziwani kupiga ule mlima wa Niesen ukionekana majini pamoja na bata na wale swani weupe wa shingo ndefu. Ila picha zinaniangusha, theluji inatoka kijivu, kivuli cha mlima kimefifia kama mtu kakifuta, na ndege wananikimbia. Dukani waliniuzia filta ya polaraiza wakasema kwa maji ndo yenyewe, siivui. Nakosea wapi?
Mama wa wawili, Thun

JIBU: Dada yangu, kwanza vua hiyo filta. Polaraiza inakata mng'ao wa juu ya maji ili uone mawe na samaki chini, na kivuli cha Niesen unachokitafuta ni huo huo mng'ao, kwa hiyo ukiizungusha tu kidogo umeukata mlima wako mwenyewe.

Afu kuna fokasi, yaani pale lenzi inapolenga pawe wazi, hii mi ilinichukua msimu mzima kuielewa. Unauona mlima majini unadhani upo pale mita tano mbele yako, unafokasi pale, unatoka na ukungu. Kumbe mwanga umetoka mlimani ukagonga maji ndo ukaja kwako, kwa hiyo kwa lenzi kivuli kiko mbali kama mlima wenyewe, fokasi mlimani. Sasa akiingia bata mita kumi na tano mbele yako na lenzi umeivuta mpaka 300 huwezi kuwapata wote wawili wakali, yaani bila ukungu, hata ufunge apecha, lile tundu la mwanga la lenzi, mpaka f/11, lazima uchague, na mimi siku zote nachagua jicho la ndege, maana Niesen hata ikilainika nyuma yake lile umbo la piramidi halipotei.

Theluji ya kijivu ni mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga. Ongeza ekspoja, yaani mwanga wa picha, kwa +1 mpaka +1.5. Ila swani aliyepigwa na jua akiingia rudisha chini haraka, manyoya meupe yakishaungua, yaani yakitoka weupe mtupu pichani, hayarudi.

Hujasema unashuka saa ngapi, nahisi ni baada ya chai, na hapo upepo mara nyingi umeshaanza kukwaruza maji. Desemba jua la huko linachomoza saa mbili na kitu asubuhi, kwa hiyo we fika saa moja na nusu ukae. Na ziwa lenyewe ni zuri kwa kazi hii, kina chake kinafika mita 217, joto la tangu Agosti linakaa humo muda mrefu, ndo maana maziwa madogo ya juu milimani yakiganda hilo linabaki wazi na bata wa kaskazini wanakuja hapo kupitisha baridi.

Halafu shuka chini. Ukisimama karibu na maji ukayaangalia kwa juu unaona weusi wa kina, ukilala kifudifudi kamera ikawa shubiri moja juu ya maji yanageuka kioo, na mtu aliyelala haogopeshi ndege kama anayetembea. Asubuhi moja upande wa Oberhofen nililala hivyo kwenye gati la mbao, akaja bata mwenye kishungi, dume, mweusi na ubavu mweupe na jicho la njano, akazama pale pale kwenye kilele cha Niesen. Mlima ukavunjika vipande, pete zikatanuka mpaka chini ya kidevu changu, nikahesabu kama ishirini hivi akaibuka pembeni na tone linaning'inia kwenye mdomo. Nilibonyeza nusu ya mlima imeshajiunga na nusu bado inatetemeka, ndo picha ninayoipenda kuliko zote na nisingeipata kama ningemfuata.

Kwa hiyo usiwafuate, tafadhali. Kipindi kile chakula kigumu na kila wakiruka kukukimbia wanachoma mafuta ya kuwavusha usiku, na mkate pia usiwape. Kaa, watazoea, kukuziwa, wale weusi wenye paji jeupe, ndo wanaanza kusogea. Anayeogelea kasi ya shata ya sekunde 1/500 inatosha, anayeruka panda 1/1600 na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ipande, chembechembe zinavumilika kuliko ndege aliyeburuzika.

Betri ya akiba weka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, baridi inazimaliza. Na kabla hujaingia ndani funga kamera kwenye mfuko wa plastiki uiache humo saa moja au mbili ipate joto taratibu, la sivyo unyevu unatanda kwenye lenzi mpaka ndani. Kadi itoe kabla hujafunga, uangalie picha zako wakati unasubiri.